Riziki ya Makinda: Mvua na Viota katika Nchi ya Butembo na Beni

Nchi iliyo baina ya Beni na Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, imekaa penye ikweta hasa, kwani mstari wenyewe hupita kusini kidogo ya mji wa Butembo, na kwa sababu hiyo mchana wa huko haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha mtu kutambua: jua huchomoza na kutua karibu kwa saa zile zile, Januari hata Desemba. Aliyezaliwa huko huliona jambo hili kuwa ndiyo tabia ya dunia, wala halimpi ajabu. Lakini kwa ndege mdogo anayetaka kujua wakati wa kujenga kiota ni jambo zito mno. Ndege wa Ubelgiji au wa Uingereza hupewa habari ya majira na jua lenyewe, kwani siku zianzapo kurefuka baada ya baridi kuu, mwili wake hujitayarisha kwa kutaga kabla jicho lake halijaona kiwavi hata mmoja juu ya jani. Ndege wa Butembo hakupewa saa hiyo. Yampasa kutazama mawingu, na majani, na wadudu, na kwa hivyo vitatu apate kujua kama makinda atakaowalea baada ya mwezi mmoja watakuta shibe au watakuta njaa.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, juu ya migongo ya vilima vinavyofuatana, ambako asubuhi huwa na ukungu na jioni mtu hutafuta koti. Beni iko kaskazini yake, mwendo wa kilomita zipatazo 50, chini kwa mita mia kadhaa, na joto lake ni la jirani wa msitu, kwa kuwa msitu mkubwa wa Ituri huanzia magharibi yake, ilhali mashariki, ng'ambo ya mto Semliki, husimama Ruwenzori na theluji yake. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: tangu Machi hata Mei, kisha tangu mwisho wa Agosti hata kuingia Desemba, na hii ya pili aghalabu ndiyo nyingi zaidi, kinyume cha mazoea ya watu wa pwani ambao masika yao ndiyo makubwa na vuli yao ndogo. Baina ya mvua hizo kuna ukavu mfupi wa Januari na Februari, na wa Juni na Julai. Lakini ukavu huo si kiangazi cha Mrima cha kukausha visima, bali ni pumziko tu, na katika msitu wa Beni hata pumziko hilo huingiliwa na manyunyu. Mgeni aliyezoea majira yenye mipaka mikali huweza kudhani kwamba mahali kama hapo ndege hawana haja ya kuchagua wakati. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba sivyo.

Walijua kwa sababu walikula sahani moja na ndege. Mvua kubwa ya kwanza inapoloweka ardhi baada ya wiki nyingi za ukavu, mchwa wa vichuguu, ambao muda wote huo wamewalea ndani wenzao wenye mabawa, hutoboa ukuta wa kichuguu na kuacha nyufa nyembamba, na penye nyufa hizo askari wenye vichwa vikubwa husimama zamu. Kisha, katika saa ambayo kila jamii ya mchwa ina yake, wengine mchana mara baada ya mvua kukatika, wengine wakati wa magharibi, wengine usiku, kumbikumbi humiminika kwa maelfu. Wanawake na watoto wa Wanande, wenyeji wa nchi hii, huvijua vichuguu vya mtaa wao, kipi cha kungojewa leo na kipi cha kuachwa mpaka kesho. Kichuguu huzungushiwa fito na kufunikwa kwa majani ya migomba, huachwa upenyo mmoja penye mwanga, na chini ya upenyo huchimbwa kishimo ambamo kumbikumbi huanguka wasiweze tena kutoka, kwa kuwa mabawa yao ni marefu na miguu yao ni dhaifu. Na wale wa usiku huvutwa kwa taa. Wakisha kukusanywa hupukutishwa mabawa, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe bila ya kutiwa mengine, hutiwa chumvi, na huliwa kwa bugali na sombe. Wanaobaki hukaushwa juani, wakapelekwa sokoni.

Lakini kabla mtoto hajafika na kikapu chake, ndege wamekwisha fika. Mbayuwayu hukata hewa juu ya kichuguu, huku na huku, chini kiasi cha kumgusa mtu kofia. Shore hushuka kutoka katika mpapai, humeza watano au sita, kisha huondoka na wengine wamening'inia mdomoni, na hapo ndipo mwenye kutazama hujua kwamba kuna kiota karibu, kwa sababu ndege asiye na makinda hali akiwa na haraka namna hiyo. Chozi, ambaye watu humjua kwa kunywa asali ya maua, huwadaka kumbikumbi hewani. Hata mwewe huja, naye huwakamata kwa kucha, mmoja mmoja, na kuwala angani pasipo kutua. Mnana, mla nafaka na adui wa kila shamba la ulezi, huacha nafaka siku hizo akawachukulia wanawe wadudu, kwani kinda haliwezi kuota manyoya na misuli kwa punje kavu peke yake. Na jambo hili nataka msomaji alishike, kwa kuwa linatuonyesha kwamba habari ya wadudu na mvua si ya wala-wadudu tu, bali ni ya karibu kila ndege mdogo aimbaye, angalau katika wiki zile mbili za kwanza za maisha yake.

Majira hayo ndiyo majira ya jembe. Mkulima wa Kinande, ambaye mababu zake walipanda ulezi juu ya migongo ya vilima na ambaye mwenyewe hupanda maharagwe, mahindi na viazi, hungoja mvua zirudi ndipo apande, na jembe lake linapopindua udongo hufukua funza, mende wa ardhini na viwavi ambao ndege hawangeweza kuwafikia kwa nguvu zao. Yuko ndege mmoja mdogo ambaye huonekana katika kila shamba la nyanda hizo za juu: dume lake lina kichwa cheusi, doa jeupe ubavuni mwa shingo na kifua chenye rangi ya kutu, na desturi yake ni kusimama juu ya ncha ya mti wa maharagwe, mkia ukitikisika, mpaka amwone mdudu chini, hapo hujitupa, humwokota, na hurudi juu ya mti ule ule au wa jirani. Jike lake, lenye rangi ya udongo, hujificha chini ya kishungi cha majani penye ukingo wa shamba, na huko ndiko kiota kiliko. Ndege huyu tutarudi kwake, kwa kuwa jamaa zake wa Kenya wamewafundisha wataalamu jambo ambalo wengi hawakulitazamia.

Hesabu ya kiota ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Jike huhitaji chakula cha ziada kwanza kwa ajili ya mayai yenyewe, na chakula hicho lazima kipatikane kabla ya kutaga. Kisha huatamia kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine, na wakisha kuruka huendelea kulishwa na wazazi wao kwa siku nyingi, muda ambao kwa ndege wa nchi za joto huwa mrefu kuliko kwa wale wa Ulaya. Kwa hiyo wazazi hawawezi kungoja neema ifike ndipo waanze. Yawapasa kuanza inapochungulia tu, ili vinywa vya makinda vifunguke wakati wadudu wamekuwa wengi. Wakiwahi mno, makinda huzaliwa katika ukavu. Wakichelewa, makinda hutoka kiotani wakati mavuno ya viwavi yamekwisha. Na mvua ile ile iletayo riziki ndiyo iletayo hatari, kwani ikinyesha kwa saa nyingi mfululizo, kama inyeshavyo Butembo mwezi wa Oktoba na Novemba, wadudu hawaruki, hujificha chini ya majani na magamba ya miti, na mzazi hubaki na mambo mawili asiyoweza kuyafanya pamoja: kukaa juu ya makinda ili wasife kwa baridi, au kwenda kutafuta chakula ili wasife kwa njaa. Mvua ya mawe, ambayo wakulima wa vilima hivi wanaijua kwa majani ya maharagwe yaliyotobolewa, humaliza shauri hilo kwa dakika chache.

Elimu hii haikuandikwa mpaka karne ya ishirini, na mwanzo wa kuandikwa kwake katika Kongo una jina la James Chapin, aliyekuja mwaka 1909, akiwa kijana asiyezidi miaka 20, pamoja na Herbert Lang, kwa niaba ya Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la New York. Wawili hao walikaa miaka mingi katika Ituri na Uele, mpaka vita vya kwanza vya dunia vikawakuta huko, na Chapin alirudi tena mwaka 1926 na 1927 akapanda mitelemko ya magharibi ya Ruwenzori, upande unaotazama Beni. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kongo ya Wabelgiji kilitoka kwa sehemu nne, 1932, 1939, 1953 na 1954, na katika sehemu ya kwanza alijaribu kulijibu swali ambalo msomaji wetu anauliza: je, ndege wa ikweta wana majira ya kutaga? Aliona kwamba katika mbuga za kaskazini ndege wengi hufuata mvua kwa uthabiti, bali ndani ya msitu wa ikweta majira huyeyuka, na viota hupatikana katika miezi mingi ya mwaka.

Ushahidi wake aliupata kwa njia ambayo leo yaweza kututia huzuni, lakini haki ya historia yataka isemwe: ndege alipigwa, akachunwa, na kabla ngozi haijajazwa pamba tumbo lake lilifunguliwa ili korodani zipimwe au mayai yanayokua yaonekane, kwa maana korodani za ndege mdogo, ambazo nje ya majira huwa ndogo kama chembe ya mtama, huvimba mara nyingi zaidi wakati wa kuzaa. Kibandiko kilichofungwa mguuni kiliandikwa tarehe, mahali na hali hiyo, na kwa vibandiko vya namna hiyo, vilivyoko New York na katika jumba la Tervuren nchini Ubelgiji, ndivyo zama nyingi za uzazi wa ndege wa Kivu zinavyojulikana mpaka sasa. Wapigaji na wachunaji wengi walikuwa Waafrika, wenyeji wa msitu walioweza kumwita ndege kwa mluzi na kumkuta mahali ambapo mzungu angepita mara kumi asimwone. Majina yao machache tu yamehifadhiwa, na upungufu huo ni deni ambalo taaluma hii haijalilipa.

Katika mambo aliyoyafafanua Chapin, lililo karibu zaidi na habari yetu ni la kirukanjia mmoja ambaye dume lake, wakati wa kutafuta mke, huota katika kila bawa unyoya mrefu kupita mwili wake mzima. Mwaka 1916 Chapin alionyesha kwamba ndege huyu hutaga kusini ya ikweta katika miezi ya mwisho wa mwaka, mvua za kusini zinapoanza na kumbikumbi wa huko wanaporuka, kisha huvuka ikweta na kwenda mbuga za kaskazini kupumzika na kubadili manyoya, akifika huko wakati mvua za kaskazini nazo zimewatoa kumbikumbi wao. Si baridi imfukuzayo wala mchana mrefu umwitao. Hufuata mvua mbili za pande mbili za dunia, na hupita juu ya nchi hii yetu katika kwenda na kurudi. Kirukanjia si ndege wa kuimba kwa maana ya wataalamu, lakini sijui mfano mwingine uonyeshao kwa uwazi zaidi jinsi safari na kiota vinavyoweza kuwa mambo ya chakula kimoja.

Ndani ya msitu wenyewe, kwa mfano katika bonde la Semliki na katika ukingo wa Ituri karibu na Beni, kuna ndege ambao riziki yao haitoki angani bali hutoka kwa siafu. Jeshi la siafu linapopita chini ya miti, panzi, buibui, mende na jongoo hukimbia mbele yake, na ndege wa kivulini, baadhi yao jamaa ya shore na wengine jamaa ya kurumbiza, huandamana na jeshi hilo, wakishuka na kupanda juu ya vijiti vya chini, wakiwaokota wakimbizi. Hapo uzito wa majira hupungua, kwani siafu hutembea karibu mwaka mzima maadamu ardhi ina unyevu. Na hiyo ni sababu mojawapo, kwa maoni yangu, iliyomfanya Chapin aone majira yakiyeyuka kadiri alivyoingia msituni.

Ili kuona watu wakihesabu chakula chenyewe, mdomo kwa mdomo, hatuna budi kuivuka nchi mpaka Amani, katika milima ya Usambara, karibu na Tanga. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na mwaka 1928 alifika huko Reginald Moreau, Mwingereza ambaye hakuwa mtaalamu wa viumbe kwa kusomea bali karani wa hesabu aliyetoka Misri, alikokuwa amehamia kwa ajili ya afya yake, akapewa kazi ya maktaba. Pamoja na mkewe Winifred, na pamoja na Salimu Asmani, ambaye alikuwa mkono wake wa kuume katika kuwatafuta na kuwatambua ndege wa milima ile, Moreau alianza kazi ambayo hapana aliyepata kuifanya Afrika kwa kiasi hicho. Waliwekwa watazamaji Waafrika mbele ya viota, na kazi yao ilikuwa kukaa kimya saa baada ya saa, wakiandika kila mara mzazi alipofika na chakula, alipokaa juu ya makinda, na alipoondoka. Ni kazi ya subira kubwa, na atakayeisoma leo katika makala za Moreau za miaka ya 1930 na 1940 ataona nyuma ya kila safu ya tarakimu mtu aliyekaa chini ya mti tangu alfajiri hata jua kuchwa.

Tarakimu hizo ziliingia katika mjadala mkubwa. Mwaka 1944 Moreau alionyesha kwamba ndege wa Afrika ya kitropiki hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wa nchi za baridi, mawili au matatu mahali pa matano au sita. Na mwaka 1947 David Lack wa Oxford alitoa kauli iliyotawala fikira za wengi baadaye, kwamba idadi ya mayai ni ile ambayo wazazi wataweza kuilisha, na kwamba ndege wa Ulaya huweza kulisha wengi kwa sababu mchana wa kiangazi chao ni mrefu, ilhali mzazi wa ikweta ana saa 12 tu, mwaka mzima. Mwaka 1949 Alexander Skutch, aliyekuwa akiishi miongoni mwa ndege wa Costa Rica, alipinga: aliona kwamba ndege wa nchi za joto hawalei makinda wote ambao wangeweza kuwalisha, kwa kuwa safari nyingi za kwenda kiotani huwaita nyoka na maadui wengine, na kwamba mzazi anayeishi miaka mingi hana haja ya kujimaliza katika msimu mmoja. Mimi naona hoja ya Skutch inaifaa zaidi nchi ya Butembo, ambako anayeshindwa Aprili huweza kujaribu tena Septemba. Lakini hapana aliyemaliza shauri hilo kabisa.

Moreau aliondoka Amani mwaka 1946, na mwaka 1950 alichapisha mapitio ya majira ya kutaga ya ndege wa nchi kavu wa Afrika nzima, akiwapanga kwa chakula chao. Ilidhihirika kwamba wala-wadudu wa mbuga huanza pamoja na mvua au mbele yake kidogo, wala-nafaka hungoja majani yatoe mbegu, na ndege wakubwa wawindao hupenda ukavu, wakati nyasi zimepungua na panya hawana pa kujificha. Misitu ya Amani ilikuwa na kawaida yake, kwani ndege wake wengi hutaga baina ya Septemba na Januari, wakiyakwepa masika ya milimani na ubaridi ufuatao. Mtu wa Butembo anayesoma hayo atatambua kwamba mvua nyingi si sawa na majira mema, na kwamba ndege wa milima hutafuta mvua ya kiasi yenye jua baina yake.

Baadaye ushahidi uliongezeka upande wa mashariki. Mwaka 1969 Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki, chenye makao Nairobi, kilianza kukusanya kadi za viota, na matunda yake yaliingia katika kitabu cha Leslie Brown na Peter Britton cha mwaka 1980 juu ya majira ya uzazi ya ndege wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1978 Anthony Sinclair alieleza jinsi katika Serengeti wadudu wanavyoongezeka mvua zikinyesha, na jinsi wala-wadudu wakazi wanavyotaga katika ongezeko hilo, na jinsi wageni kutoka Ulaya na Asia wanavyofika kula bila ya kutaga. Mbayuwayu wa Ulaya ni mmoja wa wageni hao. Huyu tumwonaye Butembo na Beni tangu Oktoba akila kumbikumbi pamoja na mbayuwayu wenyeji hajengi kwetu, bali hujilisha mpaka siku za Ulaya zirefuke.

Na sasa tumrudie yule ndege mwenye kifua cha kutu. Mtaalamu wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliwachukua jamaa zake kutoka Kenya, karibu na ikweta, akawaweka Ujerumani katika vyumba ambavyo mwanga, joto na chakula havikubadilika kamwe. Kama mvua na wadudu peke yao ndio wangekuwa mabwana wa majira, ndege hao wangepotea katika wakati. Lakini kwa miaka kadhaa miili yao iliendelea kuzunguka, korodani zikikua na kupungua, manyoya yakibadilika, kwa mzunguko ulio karibu na mwaka. Kumbe ndani ya ndege wa ikweta imo saa yake, nayo mvua na chakula huirekebisha tu, kama mtu arekebishavyo mishale ya saa ya ukutani. Ndege huyo, ambaye Ulaya hutaga mayai matano au sita, kwenye ikweta hutaga matatu hivi, na mvua zikichelewa huchelewa nazo, lakini hawezi kuahirisha milele.

Hatari kubwa ni mvua idanganyayo, inyeshayo kwa siku tatu ikaamsha kumbikumbi na viwavi, kisha ikakatika majuma mawili. Mkulima aliyepanda hupoteza mbegu, na ndege aliyetaga hupoteza makinda. Hasara ya namna hiyo huponyeka, kwani ndege wa ikweta huishi muda mrefu na mvua ya pili haiko mbali. Isiyoponyeka ni ile ya kupungua kwa mahali penyewe pa kupatia wadudu, nayo ndiyo iliyoipata nchi hii katika miaka 100 iliyopita. Machimbo ya kampuni ya Minière des Grands Lacs yaliikuza Butembo kutoka mwisho wa miaka ya 1920. Mashamba ya walowezi yakapanda juu ya nyanda za Kivu pamoja na kahawa, kwinini na pareto, ua ambalo lenyewe ni sumu ya wadudu na lilikaushwa ili lisafirishwe. Na mikalitusi ikapandwa kwa kuni na mbao mpaka ikawa alama ya Butembo. Mkalitusi ni mti wenye manufaa, sikatai, lakini ni mgeni kutoka Australia, na viwavi wachache wa Afrika huweza kulila jani lake. Shore anayejenga karibu na shamba la mikalitusi hulazimika kwenda mbali kutafuta kile ambacho mti wa asili ungempa mlangoni. Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo huitwa Virunga, iliokoa bonde la Semliki na Ruwenzori, na msafara wa utafiti wa mtaalamu de Witte wa 1933 hadi 1935 ukawaandika ndege wake. Bali vilima vya kati, baina ya Beni na Butembo, havikuwa ndani ya mpaka wake.

Ni katika vilima hivyo, mahali paitwapo Maboya, alikopatikana shore mmoja ambaye mwaka 1967 Antoon De Roo wa Tervuren alimtambulisha kwa elimu na kumpa jina la Alexandre Prigogine, mhandisi aliyetumia miaka mingi kukusanya ndege wa mashariki ya Kongo. Shore huyo hajulikani popote duniani ila katika milima ya magharibi ya ziwa Edward na katika uwanda wa Lendu, magharibi ya ziwa Albert, na leo amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Wataalamu wa Kongo wenyewe walikwisha anza kuikusanya elimu ya wenyeji, kama Kizungu na wenzake wa kituo cha Lwiro walivyofanya mwaka 1998 kwa Watembo wa Kalehe, wakiandika majina ya ndege na mambo yanayosemwa juu yao. Lakini kadi za viota za Nairobi hukomea mpakani, na kwa upande wa Beni misitu imekuwa mahali pa hofu tangu mauaji yaliyoanza mwaka 2014, hata mkulima huogopa kulifikia shamba lake, sembuse mtu wa kukaa chini ya mti akihesabu safari za shore. Msitu anaoutaka shore wa Maboya ni ule wa kimo cha kati, kati ya mita 1,300 na 1,800, ambao ndio udongo mwema wa maharagwe na ndio uliofyekwa kwanza. Umebaki vipande vipande, na katika kila kipande viwavi bado hutoka mvua za Septemba zinaporudi.